Farasi palomino ananitia hasara: nimpandishe nani na nani?

SingaNyeupe (Moshi)

Habari za jioni wakuu. Nacheza mchezo wa farasi wa kwenye kivinjari, wa aina ile inayofuata jeni za rangi za kweli: una maabara ya vipimo, soko la wachezaji na maonyesho kila usiku. Nina majike sita. Wanne ni wekundu, mwili na singa vyote vyekundu. Wawili ni palomino, mwili wa dhahabu na singa nyeupe. Dume nakodi, naye ni palomino.

Hesabu ya kila mtoto iko hivi: ada ya dume sarafu 600, matunzo mpaka siku ya kuuza 300, kipimo cha jeni 100. Jumla 1,000. Palomino anauzika 1,200. Mwekundu ni 300, tena anakaa sokoni siku nyingi. Katika watoto 12 wa mwisho nimepata palomino 5, wekundu 6, na dume mmoja mweupe mwenye ngozi ya waridi na macho ya bluu, mama yake ni mmoja wa wale palomino wawili. Huyo hakuna aliyemuulizia, nataka nimwachie kwa 300.

Maonyesho nayo naingiza farasi wote kila usiku, ada 50 kwa kila mmoja, na mwisho wa wiki sarafu zimepungua. Hii ni bahati mbaya au napandisha vibaya?

Jeni_Njiro (Arusha)

Dada, kabla ya yote: huyo mweupe mtoe sokoni usiku huu. Nitarudi kwake.

Bahati haihusiki hapa. Palomino ni farasi mwekundu aliyebeba jeni moja ya krimu. Kila farasi ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama: e ni ya rangi nyekundu, Cr ni ya krimu, N maana yake hana jeni inayopimwa. Mwekundu ni e/e, na kwa krimu ni N/N. Palomino ni e/e na N/Cr. Sasa ukimpandisha mwekundu kwa palomino, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 2 ya kupata Cr. Palomino kwa palomino: robo wekundu, nusu palomino, robo wenye Cr mbili. Kwa hiyo kwa jike yeyote wako nafasi ya palomino ni nusu, haizidi hapo. Watoto 5 kati ya 12 ni matokeo ya kawaida kabisa.

Tatizo liko kwenye hesabu yako. Usihesabu gharama ya mtoto, hesabu gharama ya mtoto anayeuzika. Watoto wawili wanakula 2,000. Mmoja unauza 1,200, mwingine 300, unapata 1,500. Kila watoto wawili unapoteza 500, na ukiongeza uzalishaji unaongeza hasara. Ndiyo maana sarafu zinaisha haraka kadiri unavyofanya bidii.

Sasa turudi kwa mweupe. Ngozi ya waridi, macho ya bluu, wazazi wote palomino: huyo ni krimelo, e/e na Cr/Cr. Hana N ya kutoa. Ukimpandisha kwa jike mwekundu, kila mtoto atakuwa palomino, 100%. Si "karibu wote". Wote.

Angalia hesabu inavyogeuka akishakomaa. Wale wekundu wanne: ada ya dume 0 kwa sababu ni wako, kipimo cha rangi hakihitajiki kwa sababu jibu unalijua, matunzo 300. Mtoto anauzika 1,200, unabaki na 900. Hata usingekuwa naye, ungemkodi krimelo kwa 750, ghali kuliko huyo wako wa 600, bado ungetumia 1,050 na kubaki na 150 kwa kila mtoto. Dume la bei ya juu lingekupa faida pale la bei rahisi linapokupa hasara.

Kingine, uza huduma yake. Lakini tangazo liandike kwa usahihi, hapa ndipo wengi wanaharibu jina lao: uhakika wa palomino ni kwa majike wekundu tu wasio na jeni nyingine zinazobadilisha rangi. Jike wa kahawia mwenye singa nyeusi aliye E/E (E ni jeni ya rangi nyeusi) hatakupa palomino hata mmoja kwa dume huyu. Atatoa bakskini, ule mwili wa dhahabu wenye singa nyeusi, au mweusi wa moshi, yaani mweusi aliyebeba Cr, kama mtoto hakupata A, jeni inayobakiza weusi kwenye singa na miguu tu. Akiwa E/e, palomino ni nusu. Mteja akilipia dhahabu akapata mweusi wa moshi, lawama ni zako.

Mfuga_Sakina (Arusha)

Nakubaliana na Jeni_Njiro kuhusu krimelo, ila naomba niweke tahadhari. Bei ya rangi haidumu. Wiki hii palomino ni 1,200 kwa sababu wanaoweza kumtoa kwa uhakika ni wachache. Wewe na wengine watano mkianza kutoa palomino kila siku, itashuka. Kinachoshikilia bei ni alama za umbo na mwendo, kwa sababu zile zinabebwa na jeni nyingi kwa pamoja na hakuna dume anayezitoa kwa 100%.

Mfugaji wa ng'ombe wa Tengeru anapofuata mbegu ya uhimilishaji kule Usa River hamchagui dume kwa rangi yake. Anauliza mabinti wa yule dume wanakamuliwa lita ngapi. Fanya hivyo hivyo. Usimsifu dume kwa vikombe vyake, fungua orodha ya watoto wake. Chukua watoto kumi, kila mmoja mlinganishe na mama yake: shingo, bega, mgongo, kwato, mwendo. Kama saba wamempita mama kwenye bega, dume huyo anatoa bega. Kama watoto wote wazuri wana mama wazuri, dume hajaongeza kitu, na ada yake unailipia picha.

Halafu panga kwa udhaifu. Jike mwenye mgongo dhaifu mpe dume mwenye mgongo imara, hata kama shingo yake ni ya wastani. Kosa kubwa ni kupandisha wawili wenye udhaifu mahali pamoja kwa kuwa jumla ya alama zao ni nzuri. Jumla inaficha. Mtoto atarithi ule mgongo kutoka pande zote mbili na hapo umeshaufunga kwenye ukoo.

Na ukoo wenyewe uuangalie. Huyo krimelo usimrudishe kwa mama yake, mtoto atakuwa na undugu wa damu wa 25%. Dada zake wa baba mmoja ni 12.5%, na hao unao wengi kwa sababu umetumia dume lile lile kwa majike wote. Binamu wa kwanza ni 6.25%. Mimi 6.25% ndiyo mwisho wangu. Kwa hiyo wale palomino watano uliozaa kwa dume hilo uza wote, usibakize jike hata mmoja kwa ajili ya krimelo. Majike wapya watoke nje, wekundu wenye alama nzuri. Wekundu ni rahisi sokoni kwa sababu hakuna anayewataka, na kwako wewe sasa ndio wenye thamani.

KibosoJuu (Moshi)

Naongelea maonyesho tu, hayo mengine yamejibiwa vizuri.

Kabla hujaingiza farasi, fungua onyesho usome vitu vitatu: ada, zawadi zote kwa jumla, na idadi ya washiriki. Tuseme ada ni 50, washiriki 20, zawadi ni 400, 200 na 100. Ada zilizokusanywa ni 1,000, zawadi ni 700. Farasi wa kawaida katika onyesho hilo anapata wastani wa 35 kwa kila 50 anayolipa. Kila ukimwingiza unatoa 15 bure. Farasi sita kila usiku ni 90 kwa siku, 630 kwa wiki. Hapo ndipo sarafu zako zinapokwenda.

Anayefaa kuingia ni yule ambaye katika maonyesho kumi anashika angalau nafasi ya kwanza mara moja, ya pili mara moja na ya tatu mara moja. Huyo anarudisha wastani wa 70 kwa 50. Anayerudisha wastani wa chini ya 50 abaki bandani. Fungua kumbukumbu za matokeo ya kila farasi, chukua kumi ya mwisho, jumlisha zawadi, gawa kwa kumi. Ni dakika mbili kwa farasi mmoja.

Sababu pekee ya kumwingiza farasi anayepata hasara ndogo ni kumpandisha cheo ili ada yake ya upandishaji au bei ya watoto wake ipande. Huo ni uwekezaji, uwekee kikomo, mfano maonyesho 15, halafu acha. Na wakati huo chagua maonyesho yenye washiriki wachache. Onyesho la watu 8 lenye zawadi ndogo ni bora kuliko la watu 40 lenye zawadi inayong'aa.

SingaNyeupe (Moshi)

Asanteni sana wakuu, mweupe nimeshamtoa sokoni. Maswali mawili. Mmoja wa wale wekundu ana baka jeupe usoni, nikampima zamani, kipimo kikaandika N/O. Hiyo O ina madhara? Na mmoja wa wale watoto palomino ana manyoya ya kijivu yanayozunguka macho kama miwani, mchoro umekosewa?

Jeni_Njiro (Arusha)

Hiyo O ni ya kuheshimu. N/O moja haina madhara, inaleta mabaka tu. Lakini N/O kwa N/O, robo ya watoto ni O/O, na O/O haishi. Kwa farasi halisi mtoto huzaliwa mweupe, utumbo wake hauna neva za kusukuma chakula, anafariki ndani ya siku chache. Michezo inayofuata jeni za kweli inamhesabu kama mtoto aliyekufa: ada imelipwa, mimba imechukua muda wake, huna kitu. Na O inajificha. Wapo wanaoibeba na kuonyesha weupe kidogo tu kama huyo wako. Kwa hiyo mpime krimelo O leo. Juu ya mwili mweupe mabaka huwezi kuyaona hata yakiwepo, na baba yake hujawahi kusema kama alipimwa. Akiwa N/N endelea bila wasiwasi, nusu ya watoto wa huyo jike watakuwa N/O, uandike kwenye tangazo. Akiwa N/O, jike huyo mtafutie dume mwingine.

Miwani ya kijivu si kosa la mchoro. Ndiyo dalili ya kwanza ya jeni ya G, ile ya kijivu. Mtoto huyo anazaliwa wa dhahabu, kisha kadiri anavyokua anageuka mweupe, palomino unamwona kwenye picha za utotoni tu. Ila G haijifichi: mtoto akiwa nayo, lazima mzazi mmoja anayo. Kati ya dume la kukodi na mama yake, mmoja amebadilika rangi au ni kijana ambaye bado hajabadilika. Fungua picha zao za sasa. Mwenye G moja anaipeleka kwa nusu ya watoto. Na huyo mtoto usimuuze kama palomino, muuze kama wa kijivu kwa bei yake.

SingaNyeupe (Moshi)

Ni mama, kumbe ana miaka mitatu na ameshaanza kupauka kichwani. Si mama wa krimelo lakini, ni yule palomino mwingine. La mwisho: maonyesho yanafungwa saa sita usiku ya seva, nami mara mbili nimekuta yamefungwa wakati nilipanga vizuri.

KibosoJuu (Moshi)

Angalia seva iko wapi. Kama inafuata saa ya Ulaya ya kati, saa sita usiku yao ni saa nane usiku kwetu wakati wa baridi kwao. Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele, inakuwa saa saba usiku huku, mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatubadilishi, ndiyo maana ratiba yako ile ile inakuja kukosa. Umeme nao ukikatika usiku huna la kufanya. Ingiza farasi wako kabla ya saa nne usiku ya Moshi, hapo huhitaji kukumbuka lolote kati ya hayo.