Balkoni moja, ndoo tatu: giligilani, nanaa, mchaichai au rozimari?

NdooTatu: Habari za majukumu wakuu. Nimehamia ghorofa ya pili hapa Sinza. Balkoni inatazama magharibi, kuanzia saa nane mchana jua linapiga hasa. Nina ndoo tatu za lita 10, nimeshazitoboa chini. Nimechoka kununua fungu zima la giligilani, nakatia kwenye kachumbari vijiti vitatu, lililobaki linageuka uji ndani ya friji. Nawaza giligilani, nanaa, mchaichai na rozimari. Ndoo tatu, mimea minne. Kipi nikiache?

Shamba la Ruiru: Wacha dania. Huku kwetu kuna kabaridi, dania hukaa ikitoa majani wiki kadhaa. Kwa joto la Dar itakimbilia kutoa maua kabla hujachuma mara mbili, na ikishafanya hivyo majani huwa membamba kama nyuzi. Penye jua weka mchaichai, huo haujali.

Mzee wa Fungu: Giligilani nenda genge la jirani ukanunue. Muuzaji naye ana watoto 😀

Bi Mkubwa Ng'ambo: Mwanangu, usikatishwe tamaa. Kotmiri (ndiyo hiyo hiyo giligilani, na ndiyo hiyo dania ya huyo wa Ruiru) hata huku Unguja tunaiotesha. Watu wanaikosea tu. Haipendi kuhamishwa. Mzizi wake mkuu ni mmoja, unashuka chini, ukiusumbua tu inachanua. Mbegu ziweke humo humo kwenye ndoo utakayochumia.

Halafu ile punje unayoiona moja ndani zimo mbegu mbili. Zimwage juu ya kitambaa, pitisha chupa kwa mkono mwepesi mpaka zigawanyike, usizisage. Ziloweke usiku kucha, kisha zifukie kina cha sentimita moja. Wiki moja mpaka mbili utaona vichwa. Na usimwage zote siku moja, kila baada ya wiki mbili tupia nyingine pembeni, hizi zikizeeka zile zinakuja.

Kuhusu jua: mchaichai uweke kwenye vyuma vya balkoni, ukishajaa unakuwa pazia. Kotmiri ikae nyuma yake.

NdooTatu: Shikamoo Bi Mkubwa, hilo la pazia sikuwa nimelifikiria kabisa. Mchaichai unaanzaje, kwa mbegu?

Bi Mkubwa Ng'ambo: Marahaba. Nunua sokoni mashina yaliyobaki na kitako, yatumbukize kwenye glasi ya maji, badilisha maji kila siku. Yakitoa mizizi panda. Ukija kukata vaa mikono mirefu, majani yake yanachana.

JikoniKwanza: Mimi napima kwa sufuria. Rozimari ikikauka bado ina harufu, kopo moja linakaa miezi, na kwa kuku wa kuchoma au viazi kijiti kimoja kinatosha. Giligilani ukiikausha unabaki na nyasi. Kwa hiyo anayebaki nje ni rozimari, tena haipendi udongo wenye maji maji na nanaa bila maji inanyauka, utachanganyikiwa na kumwagilia.

Nanaa ipe ndoo yake peke yake! Mimi niliichanganya na mrehani, vikonyo vyake vikatambaa chini ya udongo, baada ya muda mrehani siuoni. Inaota kwa kijiti tu kwenye maji. Ndoo iweke kwenye kona yenye kivuli.

Na vijiti vya giligilani usitupe. Vitwange na kitunguu saumu na pilipili, vikaange mwanzo wa mchuzi. Majani ndiyo yasubiri mpaka umeshaepua.

Shamba la Ruiru: Kwa hilo pazia la mchaichai nakubali, jaribu. Lakini usije ukasema sikukuambia kuhusu Januari.

NdooTatu: Basi rozimari imekosa nafasi. Udongo nimechanganya na samadi iliyooza, mashina ya mchaichai yapo kwenye glasi. Swali la mwisho: giligilani nzima ya kopo la jikoni itaota, au ninunue ya pakiti?

Bi Mkubwa Ng'ambo: Kama haikukaangwa na si ya miaka mingi, yaweza. Chukua punje kumi uzifunge kwenye kitambaa kibichi kwanza. Zisipochipua, zirudishe kwenye pilau... la, umeshazilowesha. Zitupe tu.