Kungwi wa baleti alipwe na nani?

Wakuu, nauliza: malezi ya wacheza baleti Weusi, wakubwa kwa wadogo, yabaki hisani ya mtu na mtu au kampuni za baleti zilipie?

Chukueni Raven Wilkinson, mcheza baleti Mweusi wa Marekani. Aliingia kampuni ya Ballet Russe de Monte Carlo mwaka 1955. Ziarani kusini mwa Marekani, Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, wakamwandama, kampuni ikaanza kumwacha nyuma. Alipoondoka, kampuni za kwao zikamfungia mlango hadi akapata kazi Uholanzi. Miaka mingi baadaye akawa mlezi wa Misty Copeland. Juni 2015 alimpandia jukwaani New York na shada la maua, ana miaka 80. Mwezi huohuo American Ballet Theatre ikampa Copeland cheo cha juu, mwanamke Mweusi wa kwanza katika miaka yake 75. Picha nzuri. Ila wasingekutana je?

Na kuna mambo hufundishwi darasani. Freed ya London, watengeneza viatu vya baleti, ilitoa viatu vya kusimamia ncha za vidole vya rangi ya kahawia 2018 tu! Kabla ya hapo binti alishika sponji na vipodozi vya uso, akipaka satini ya waridi mpaka ifanane na mguu wake, jozi baada ya jozi. Hata kungwi hupewa chake.

Jibu la 1
Napinga. Akilipwa na kampuni ni mtu wa kampuni. Janet Collins, mcheza Mweusi wa kabla ya Wilkinson, aliambiwa na Ballet Russe hiyohiyo ajipake weupe usoni, akakataa. Leo binti akiambiwa upuuzi kama huo, atamweleza anayekula mshahara wa bosi?

Jibu la 2
Mnagombania mshahara wakati majina yenyewe yamefutwa. Lauren Anderson alifika cheo hicho Houston 1990, Debra Austin kule Pennsylvania 1982. Mpaka kina Lydia Abarca, kizazi cha kwanza cha Dance Theatre of Harlem, kampuni ya wacheza Weusi New York, wakaunda baraza lao wenyewe ili wasisahaulike. Binti atamtafutaje mlezi asiyejua kama yupo?

Mleta mada
Jibu la 1, nusu nakubali. Basi aajiriwe kama mwalimu wa mazoezi, na mkataba usimlazimishe kupeleka maneno kwa bosi. Wilkinson alicheza peke yake valsi ya baleti ya Les Sylphides. Kumpa binti hatua zile, mkono kwa mkono, si maongezi ya chai. Ni kazi.