Naomba ushauri: mama ana mkanda wa jeshi, vidonda vimekauka ila maumivu hayaishi

Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana nimechanganyikiwa kweli. Mama yangu ana miaka 67, alianza kusikia moto ubavuni kushoto tukajua ni kichomi tu, tukawa tunamchua, siku ya tatu yakatoka malengelenge mstari mmoja kutoka mgongoni mpaka chini ya titi, upande mmoja tu. Majirani wakaanza kunong'ona eti huyo ana ngoma (UKIMWI), mama alilia usiku kucha, tukampima hana. Daktari akatuelewesha ni kirusi kilekile cha tetekuwanga aliyougua utotoni, kinajificha kwenye mishipa ya fahamu miaka yote halafu kinga ikishuka kinaamka. Akampa dawa ya virusi, asikloviri, miligramu 800 mara 5 kwa siku wiki nzima, ila alisema tulichelewa, inafaa ianzwe ndani ya saa 72.

Sasa ni miezi minne, makovu tu yamebaki lakini hata kanga ikimgusa anaruka, analala amekaa na nguo ameishikilia mbali na ngozi. Anameza amitriptilini (dawa ya maumivu ya neva) usiku, usingizi anapata kidogo ila asubuhi anayumba, juzi nusura aangukie jiko la mkaa.

Aliyewahi kuuguza mtu wa hivi, maumivu yalichukua muda gani kuisha? Kuna dawa nyingine ya neva isiyolevya hivyo ya kumuuliza daktari? Na nikampeleke kwa daktari wa ngozi au wa mishipa ya fahamu? Naombeni jamani, mama anateseka.