Piki ya sisteini kwenye elektrodi ya dhahabu inapotea skani ya pili, shida nini?

Msaka_Elektroni: Wakuu habari za jioni. Niko na utafiti wa masta, napima sisteini (asidi amino yenye salfa) kwa voltametri, yaani napandisha na kushusha volti huku nasoma karenti, elektrodi ya dhahabu, bafa (maji ya kushikilia pH) ya fosfeti pH 7, rifarensi ya kulinganishia volti silva/silva kloraidi. Skani ya kwanza napata piki nene kwenye volti 0.9 hivi, ya pili imeshuka, ya tatu imelala kabisa. Nikisugua elektrodi na unga wa alumina inarudi. Methionini nayo, asidi amino nyingine yenye salfa, haistuki mpaka volti za juu huko mwisho. Supavaiza anasema niandike tu kwamba ni sisteini inageuka sistini (sisteini mbili zilizoshikana) ila roho haitulii.

Fundi_pH: Mkuu umeshapiga skani ya bafa tupu? Maana dhahabu yenyewe inaanza kuota oksaidi maeneo hayohayo, ukishusha volti utaiona inang'oka karibu na 0.4, kwa hiyo sehemu ya hiyo piki ni dhahabu yako wala si sisteini. Halafu salfa na dhahabu wanapendana balaa, ile SH (salfa na haidrojeni yake) ya sisteini inanata hata mashine hujawasha. Ukipandisha volti, ile iliyonata haiishii kwenye sistini, inaoksidishwa mpaka asidi ya sisteiki, elektroni 6 kwa molekuli badala ya 1. Supavaiza kwa heshima zote, hapo hapana. Kati ya skani koroga kidogo: piki ikirudi, ni sisteini ya jirani ilikuwa imeisha, isiporudi mpaka usugue basi uso umechafuka.

BintiMaabara: Si utumie tu glasi kaboni kaka, hainati hivyo

Fundi_pH: Hainati dada ila mvivu, wimbi linatanuka huna pa kusomea. Almasi yenye boroni ndo kiboko, sema bei yake sasa 😅

BintiMaabara: Ndo maana watu wanaipaka hiyo glasi kaboni kichocheo cha kobalti fthalosayanini, volti zinashuka. Ila Msaka hebu soma kopo la sisteini yako. Mengi ni haidrokloraidi monohaidreti, uzito wa moli 175.6 sio 121.2, ukipima kwa 121.2 umeweka pungufu. Na kloraidi iliyomo humo ikikutana na dhahabu kwenye volti za juu inaila, dhahabu inayeyuka kidogo kidogo na wewe unapata karenti unaifurahia bure.

Msaka_Elektroni: Duh, nimeangalia, ni hiyohiyo haidrokloraidi. Nimepima pH baada ya kuyeyusha nayo imeshuka. Methionini je?

Fundi_pH: Methionini salfa yake haina haidrojeni, imebanwa katikati ya kaboni mbili, hivyo ni ngumu kuitoa elektroni. Ikikubali inapoteza 2 inakuwa salfoksaidi, ukizidi kupanda salfoni. Usitegemee ifanane na sisteini. Hiyo pH irekebishe kabla ya kupima, SH inaachia protoni karibu na 8.3, na ikishaachia ndo inaoksidishwa kirahisi, kwa hiyo pH ikihama na piki inahama.

Msaka_Elektroni: Basi nikipandisha mpaka 9 si napona?

BintiMaabara: Utapona na elektrodi halafu hewa ikumalize. Kwenye pH hiyo oksijeni inaigeuza sistini ndani ya chupa, na maji yakiwa na chembe za shaba ndo haraka zaidi. Pulizia nitrojeni kwanza, tengeneza freshi kila asubuhi, ya jana mwaga.

Msaka_Elektroni: Ya jana ninayo lita nzima 😭

BintiMaabara: Mwaga.