Vumbi la lava juu ya vyombo vidogo vilivyopakwa rangi: nilitoe vipi bila kuiharibu rangi?

Dada wa Himbi (Goma)

Salamu kwenu nyote. Marehemu kaka yangu mkubwa aliniachia kabati lenye vyombo vidogo 40 hivi, ambavyo alivitengeneza na kuvipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe: ndege na malori ya plastiki ya kipimo cha 1:72 (yaani kitu halisi ni kikubwa mara 72), sanamu chache za askari zilizotengenezwa kwa madini, na kazi aliyoipenda kuliko zote, yaani chukudu 6 za mbao (zile baiskeli za mbao zisizo na kanyagio, za kubebea mizigo mjini kwetu) zisizozidi urefu wa kiganja, kila moja ikiwa na mzigo wake wa makaa, viazi au kabichi. Kabati hilo lilivunjika kioo cha mlango katika matetemeko yaliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021, na tangu hapo vumbi limeingia bila kizuizi. Mkaaji yeyote wa Goma analijua vumbi letu, lile jeusi linaloinuka kutoka kwenye barabara za mawe ya lava na kutua hata ndani ya sahani zilizofunikwa.

Wiki iliyopita nilichukua kitambaa kikavu cha pamba nikafuta bawa la ndege moja. Vumbi lilitoka, lakini nilipoigeuza ndege kuelekea dirishani niliona mistari myembamba kama nywele, na sehemu ambayo kaka aliipaka rangi isiyong'aa sasa inang'aa. Nimeacha mara moja. Naomba mnieleze nitumie nini, na hasa kama maji yanaruhusiwa, kwa maana sitaki kuharibu kazi ambayo mwenyewe hayupo tena kuirekebisha.

Fundi wa Ibanda (Bukavu)

Pole sana, dada, kwa msiba na kwa bawa hilo. Nianze na bawa lenyewe, kwa sababu ndilo linaloeleza mengine yote. Vumbi la nyumba nyingi ni nyuzi za nguo, chembe za ngozi na udongo laini. La Goma, kwa sehemu kubwa, ni jiwe lililosagika. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, ukucha wa mtu hufikia 2.5 hivi, ilhali kioo cha volkano na madini mengi ya lava hufikia 5 au 6, na chembe zake zina kingo kali kama vigae vya chupa. Ukizikandamiza kwa kitambaa kisha ukazivuta, umeipiga rangi msasa. Rangi isiyong'aa huwa hivyo kwa sababu uso wake una mabonde madogo yanayotawanya mwanga. Msuguano umeyasawazisha, ndiyo maana unaona mng'ao. Tena plastiki ikisuguliwa kavu hujaa umeme tuli, na umeme huo huvuta vumbi jingine siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo vumbi linainuliwa, halisuguliwi. Tanguliza hewa: nunua kwenye famasi kile kipira cha kubana kinachotumika kusafishia pua za watoto wachanga, ukipulizie chombo kutoka juu kwenda chini, ukiwa umekishika kwenye kitako chake na si kwenye bawa wala mzinga. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu matone ya mate huacha madoa. Makopo ya hewa iliyoshindiliwa nayo ni ya hatari, maana yakiinamishwa hutema kimiminika baridi sana kinachoweza kuiharibu rangi papo hapo.

Baada ya hewa ndipo brashi. Ninayoiamini ni brashi pana ya vipodozi yenye nywele za mbuzi, mpya, ambayo haijawahi kugusa poda wala mafuta. Kile chuma kinachozishika nywele kizungushie utepe wa karatasi, ili mkono ukiteleza kisigonge rangi. Pitisha ncha za nywele tu, na kwa mkono wa pili ushike karibu mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi, ikiwa katika nguvu yake ya chini kabisa, ili kinachoinuka kifyonzwe kabla hakijatua tena. Mdomo huo ufunge kwa soksi ya nailoni. Kipande kikibanduka, kama usukani wa lori, utakikuta kimenasa kwenye soksi badala ya kukitafuta ndani ya mfuko wa takataka. Fanya kazi asubuhi, mwanga ukiingia kwa ubavu, juu ya kitambaa cheupe, na upige picha kila chombo kabla ya kukigusa.

Mkusanyaji wa Kamalondo (Lubumbashi)

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu hewa na brashi, ila kwetu Lubumbashi hazitoshi. Vumbi jekundu la kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, hukutana na moshi na mvuke wa mafuta ya kupikia, kisha huganda juu ya rangi kama ngozi. Malori yangu ya plastiki huwa nayaosha kwa maji vuguvugu yenye tone moja la sabuni ya vyombo, kwa brashi laini, kisha nayasuuza na kuyaacha yakauke kivulini. Hayajawahi kuharibika. Dada na ajaribu hivyo.

Niongeze jambo moja kuhusu joto. Rangi ya akriliki, hata ikikauka kabisa, hubaki laini kidogo, na joto huizidishia ulaini huo kiasi cha vumbi kuzama ndani yake. Oktoba yetu, chini ya mabati, ni mwezi wa kutogusa chochote saa za mchana.

Fundi wa Ibanda (Bukavu)

Kaka wa Kamalondo, naheshimu uzoefu wako, lakini bila shaka malori yako yamepakwa vanishi na wewe mwenyewe unajua umeyaunganisha kwa gundi gani. Dada hajui. Gundi nyeupe ya maseremala, ambayo wengi huitumia kubandikia mchanga na majani kwenye kitako, hulegea ikilowa. Nembo za kubandika ambazo hazikufunikwa kwa vanishi hubanduka. Mbao za chukudu zitavimba, na rangi iliyo juu yake haiwezi kuvimba pamoja nazo, hivyo itapasuka. Kuzamisha chombo cha mtu mwingine ndani ya maji ni kuweka dau juu ya jambo usilolijua.

Pale ambapo brashi imeshindwa kabisa, na ni plastiki, tumia kijiti cha pamba kilicholowanishwa kidogo tu, ukijaribu kwanza chini ya kitako. Kijiti kiviringishwe juu ya rangi, kisivutwe, na kikichafuka kitupwe. Maji yawe yale safi yanayouzwa kwa ajili ya kujazia betri (angalia sana usiuziwe asidi), kwa sababu maji ya ziwa Kivu yana madini mengi na yakikauka huacha alama nyeupe. Spiriti, tina, manukato na vile vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto viwekwe mbali: spiriti huyeyusha akriliki.

Dada wa Himbi (Goma)

Nawashukuru wote wawili. Nimepata kipira na brashi, na malori 3 yametoka safi bila mstari hata mmoja. Nina mambo mawili yanayonitatiza. Askari wa madini wana unga mweupe kwenye mikunjo ya nguo zao, ambao haufanani na vumbi letu hata kidogo. Na chukudu zina vumbi la rangi mbili: jeusi juu ya mizigo, na jingine la kahawia kwenye magurudumu, ambalo limeshika zaidi.

Mzee wa Katindo (Goma)

Binti yangu, hao askari usiwapulizie na usiwapige brashi. Sanamu za zamani za madini mara nyingi zilitengenezwa kwa mchanganyiko wenye risasi nyingi (si ya bunduki, bali ile metali nzito na laini), na risasi ikikaa ndani ya kabati la mbao lisilopata hewa, mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao huila polepole na kuigeuza kuwa unga mweupe. Unga huo ni sumu ukivutwa au ukimezwa. Vaa glavu, watie askari kwenye kisanduku cha plastiki peke yao, watoto wasikiguse, na kabati ulifute kwa kitambaa chenye maji ambacho utakitupa. Rangi iliyoinuliwa na unga huo haitarudi kwa usafishaji wowote.

Kuhusu magurudumu, simama kwanza kabla hujayagusa. Watengenezaji wazuri hunyunyizia unga wa rangi juu ya kazi iliyokamilika ili ionekane imetembea, na mara nyingi hawaupaki vanishi, kwa kuwa vanishi huuzima. Brashi yako itauondoa kwa pumzi moja. Njia ya kutofautisha ni kuangalia umekaa wapi. Vumbi la kabati huanguka kutoka juu, kwa hiyo hutua kwenye nyuso zinazotazama juu, sawasawa, bila kuchagua. Vumbi la fundi linafuata safari ya chombo: liko chini, nyuma ya magurudumu, pale ambapo barabara ingelirusha. Chukua kioo cha mkononi, utazame chini ya ubao.

Dada wa Himbi (Goma)

Mzee wangu, nimetazama kwa kioo na tochi. Chini ya ubao wa kila chukudu, mahali ambapo vumbi la kabati lisingeweza kufika, kuna rangi ile ile ya kahawia, imerushwa kuelekea nyuma kwa umbo la upepeo, na kwenye ile iliyobeba makaa kuna weusi chini ya magunia peke yake. Kumbe kaka alizichafua kwa makusudi, moja baada ya nyingine, kwa kufuata mzigo wa kila moja. Nimesafisha sehemu ya juu ya mizigo kwa kipira tu, bila brashi, na kazi ya chukudu moja imenichukua karibu saa nzima. Magurudumu sikuyagusa. Askari wako kwenye kisanduku chao, na fundi wa vioo atakuja Jumamosi kupima mlango wa kabati.

Fundi wa Ibanda (Bukavu)

Akija, mwambie abandike ukanda wa sponji kwenye kingo zote za mlango. Kioo peke yake kitazuia mikono. Vumbi la Goma litapita ubavuni.