Fundi kaniharibia masta silinda ya pikipiki ya marehemu baba, halafu ananiambia nikaiuze chuma chakavu

Wakuu, nimekaa na hasira wiki nzima. Leo naandika.

Marehemu baba alituachia Yamaha XT 600 ya mwaka 1991. Alipoanza kuugua iliegeshwa ubavuni mwa nyumba hapa Tanga, ikafunikwa turubai, ikakaa karibu miaka mitatu. Mwezi uliopita nikaitoa. Injini haikunisumbua, nilisafisha kabureta ikawaka. Kilichogoma ni breki ya mbele. Mkono wa breki haukusogea hata kidogo, kana kwamba umechomelewa. Nilipofungua kikopo cha mafuta cha masta silinda, ile pampu ya breki iliyo kwenye usukani inayosukumwa na mkono wa breki, nikakuta uji wa kahawia chini na unga mweupe kwenye kona.

Nikaipeleka gereji. Fundi akaitazama, akasema, "Nusu saa tu bosi, kanywe chai." Nikaenda. Niliporudi breki inashika. Niliona vichwa vya skrubu za mfuniko vimeliwa na bisibisi, nikanyamaza, nikalipa elfu thelathini na tano.

Siku ya tatu nikampakia mdogo wangu, tunaelekea Muheza. Tulipopita Pongwe pikipiki ikawa nzito. Naongeza moto, inazidi kuwa nzito. Nikasikia harufu ya kuungua, na kabla sijasimama gurudumu la mbele likakamata. Tuliserereka hadi kwenye mchanga wa pembeni, basi lililokuwa nyuma yetu likatupita kwa honi. Mdogo wangu alichubuka goti na kiwiko. Basi lile lingekuwa karibu zaidi, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Gurudumu halikuzunguka kabisa. Nikachukua spana, nikalegeza bolti ya paipu pale kwenye masta. Mafuta yakaruka na gurudumu likaachia hapo hapo. Mafuta yenyewe mekundu! Mafuta ya breki tunayonunua madukani, DOT 3 na DOT 4, ni ya manjano hafifu. Haya mekundu wenye magari mnayajua, ni ya gia otomatiki na pawa stelingi.

Nikaikokota hadi kwa mzee mmoja wa Ngamiani, fundi wa siku nyingi. Aliifungua mbele yangu taratibu, na kila alichokitoa alikiweka kwenye kitambaa cheupe nikione. Mdomo wa silinda umemeguka. Pistoni ina alama za bisibisi na nyundo. Mfereji wa saklipu, ile ringi ya chuma inayoizuia pistoni isichomoke, umepinda, maana yule fundi wa gereji aliitwanga pistoni wakati saklipu bado imo ndani! Raba mbili za pistoni zimevimba, laini kama mkate uliolowa chai. Akaniuliza, "Mwanangu, hizi nani kaziosha kwa petroli?"

Mtu anayejiita fundi anapaswa kujua hili kabla hajagusa breki ya mtu. Raba za mfumo wa mafuta ya breki hazivumilii petroli, grisi ya kawaida, oili ya injini wala hayo mafuta mekundu. Zinavimba. Chini ya kile kikopo kuna matundu mawili, kubwa la kujazia na dogo sana, jembamba kama ncha ya sindano. Ukiachia breki, mafuta yanarudi kwa hilo dogo. Raba iliyovimba inalifunika, mafuta yanabaki yamebanwa kwenye paipu, pedi zinaendelea kusugua diski, diski inapata moto, mafuta yanatanuka, breki inazidi kukaza yenyewe. Ndicho kilichotupata Pongwe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba masta ile ilikuwa inaokoleka. Mzee alinieleza ambavyo angeifanya. Unaivua kwenye usukani, unafunika tangi kwa kitambaa kilicholowa maji kwa sababu mafuta ya breki yanakula rangi. Unatoa raba ya vumbi, unapuliza mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka pistoni, unaiacha ilale usiku mzima, mbili ikibidi. Raba za zamani zitatupwa, kwa hiyo hapo hakuna hasara. Unaitoa saklipu kwa koleo yake, ile yenye ncha ndefu, si kwa msumari. Kisha unauweka mwili mzima wa masta kwenye maji ya moto, kwa sababu alumini inatanuka. Halafu unaisukuma pistoni NDANI kidogo kwa kijiti cha mbao, unaachia, unasukuma tena, ule unga mweupe uvunjike. Ikianza kucheza unaifunika kwa matambara na kuisukuma nje kwa upepo wa kompresa kupitia tundu la paipu, huku umeielekeza chini, maana inatoka kama risasi. Ndani unasafisha kwa kitambaa na mafuta ya breki. Msasa hapana. Tundu dogo unalizibua kwa uzi mmoja wa waya laini.

Ni siku mbili za subira. Yule wa gereji alitaka nusu saa.

Nakubali sisi tuliiacha na mafuta yale yale miaka mitatu, wakati yalipaswa kubadilishwa kila miaka miwili. Yananyonya unyevu hewani, na unyevu wa Tanga mnaujua. Kutu ilitoka kwetu. Mikwaruzo ndani ya silinda ilitoka kwake, na ndiyo iliyoifanya masta isifae tena.

Nilipomrudia yule fundi wa gereji hakuniomba hata radhi. "Pikipiki ya zamani hiyo, kauze chuma chakavu." Mbele ya wateja! Pikipiki ambayo baba alinipandisha nikiwa darasa la pili!

Na si masta peke yake. Mafuta mekundu yamepita mfumo mzima, kwa hiyo raba za kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, na paipu navyo vyote vinabadilishwa. Kwenye duka moja la spea waliniuzia seti ya raba za masta wakisema zote ni saizi moja. Uongo. Kipenyo kimeandikwa kwenye mwili wa masta, ukigeuza utakiona, na zile walizonipa zinapwaya.

Nataka pesa yangu na gharama ya masta nyingine, na nitamfuata hadi serikali ya mtaa. Mwenye masta nzima ya XT 600 ya miaka hiyo, yenye silinda isiyo na mikwaruzo, aseme hapa na aweke picha ya ndani.