Acheni kuandika kwamba Sridevi alianza na Himmatwala

#1

Wakuu, imetosha sasa. Kila ikikaribia Februari 24, siku aliyofariki mwigizaji Sridevi mwaka 2018, nyuzi za kumkumbuka zinafunguliwa, na kila mwaka wasifu ni uleule ulionakiliwa: nyota wa Bollywood, kachomoza 1983 na Himmatwala, akatamba na Nagina na Mr. India, akapumzika, akarudi 2012. Huo ni wasifu uliokatwa kichwa! Mwaka 1983 huyu mama alikuwa na miaka kumi na minne kazini. Thunaivan, filamu ya Kitamil aliyocheza mungu Murugan akiwa mtoto mdogo, ilitoka 1969. Mwaka 1971 alicheza Poompatta ya Kimalayalam na akapata tuzo ya jimbo la Kerala ya mwigizaji bora mtoto. Nani kati yenu kayataja haya? Hakuna.

Chanzo cha kosa nakijua. Sisi kwa Kiswahili "picha la Kihindi" ni picha lolote lililotoka India, na Kihindi hichohicho ndilo jina la lugha ya filamu za Mumbai, yaani Bollywood. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili. Mtu anasikia "filamu ya India" anadhani lugha ni moja na mji ni mmoja. Kitamil, Kitelugu, Kimalayalam na Kikannada ni familia nyingine kabisa ya lugha. Mtamil na mwenye Kihindi hawasikilizani, sawa na mtu wa Kiswahili na mtu wa Kijaluo kila mmoja akisema kwao. Sridevi alizaliwa Meenampatti, karibu na Sivakasi, jimbo la Tamil Nadu, Agosti 13, 1963. Baba Mtamil, mama wa upande wa Kitelugu. Kihindi kwake kilikuwa lugha ya kujifunza.

Halafu mnaandika "Himmatwala ilimfanya mwigizaji". Ilimfanya ajulikane kaskazini, basi. Mwaka 1976 alikuwa tayari mhusika mkuu wa Moondru Mudichu, filamu ya Kitamil ya mwongozaji K. Balachander, katikati ya waigizaji Kamal Haasan na Rajinikanth, akiwa na miaka kumi na mitatu tu. Mwaka uliofuata ikaja 16 Vayathinile, filamu ya kwanza ya mwongozaji Bharathiraja. Hapo ni Mayil, msichana wa kijijini aliyesoma, anaota kuwa mwalimu na kupata mume wa mjini, na kumbe anayempenda kwa dhati ni Chappani, kijana kilema ambaye kijiji kizima kinamcheka. Mtazameni anavyobadilika pale daktari wa mjini anapomwacha. Sauti inashuka, macho hayainuki tena. Hiyo kazi aliifanya miaka sita kabla ya Himmatwala.

Na hapa ndipo wasifu wenu unapoanguka kabisa. Mayil huyohuyo alimcheza MARA TATU katika lugha tatu: Kitamil 1977, Kitelugu 1978 katika Padaharella Vayasu, Kihindi 1979 katika Solva Sawan pamoja na Amol Palekar. Ya Kihindi ilidoda. Kwa hiyo hata huko Bollywood kwenu hakuanza na Himmatwala: alishaonekana Julie mwaka 1975 akiwa mdogo wa mhusika mkuu, akaja na Solva Sawan kama mhusika mkuu, akaanguka, akarudi kusini kuendelea na kazi. Ukiifuta Solva Sawan, 1983 inaonekana kama bahati ya mtoto mgeni, na sivyo.

Mtu wa kumjua kwenye habari hii ni mwongozaji K. Raghavendra Rao. Ndiye aliyeongoza ile Padaharella Vayasu. Ndiye aliyeongoza Vetagadu ya 1979, Sridevi na nyota wa Kitelugu NTR. Na Himmatwala ni yake pia: ni marudio ya filamu yake ya Kitelugu, Ooruki Monagadu ya 1981, ambayo mhusika mkuu wa kike alikuwa Jaya Prada. Mwaka uleule wa 1983 akatoa Justice Chaudhury, marudio ya Justice Chowdary yake ya 1982, na Sridevi yumo katika zote mbili. Mwaka 1984 ikaja Tohfa, marudio ya Devata ya 1982, na Sridevi na Jaya Prada wamo katika zote mbili vilevile. Mnaona ilivyokuwa? Hadithi ilishajaribiwa kwa Kitelugu, ikauza, ikapelekwa kwa Kihindi na mwongozaji yuleyule, Jeetendra akawekwa kuwa steringi. Zile nguo za kumeremeta na safu za vyungu kwenye nyimbo mnazoziita "mtindo wa Bollywood wa miaka ya themanini" ni mtindo wa Kitelugu uliopanda treni kwenda kaskazini.

Sauti nayo. Kuna mwenzetu kaandika kwamba "sauti yake ya kitoto" kwenye filamu za mwanzo za Kihindi ilimpa mvuto. Mkuu, si sauti yake! Kwa miaka kadhaa Kihindi chake kiliingizwa na wengine, hasa Naaz, aliyekuwa zamani nyota mtoto. Katika Aakhree Raasta ya 1986 aliyemsemea ni Rekha. Chandni ya 1989 ndiyo filamu ya Kihindi aliyojisemea mwenyewe kwa mara ya kwanza, na humo akaimba pia sehemu ya wimbo mkuu. Anayetaka kupima uigizaji wake wa kabla ya hapo apime mwili, macho na mikono. Kwa sauti aende kwenye zile za Kitamil. Na msichanganye kusemewa na kuimbiwa. Kuimbiwa ni kawaida kwa karibu kila mwigizaji wa India: Hawa Hawai ya Mr. India ni Kavita Krishnamurthy, ule wimbo wa nyoka wa Nagina ni Lata Mangeshkar. Kusemewa mazungumzo yote ni jambo jingine.

Linaloniuma kuliko yote ni Moondram Pirai ya 1982, ya Balu Mahendra. Wengi wenu mnaijua kwa marudio yake ya Kihindi, Sadma ya 1983, na mnaandika kana kwamba Sadma ndiyo asili. Mwanamke anapata ajali, akili inarudi kuwa ya mtoto, mwalimu anamtunza milimani kule Ooty, anapona, na pale stesheni hamtambui tena mtu aliyemlea. Tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kiume akapewa Kamal Haasan. Sridevi akapata ya jimbo la Tamil Nadu. Tuzo ya taifa alikuja kupewa 2018 kwa Mom, filamu iliyotangazwa kuwa ya 300 kwake, akiwa ameshafariki. Mtu anayeanza kuhesabu 1983 hawezi hata kuliona deni hilo.

Na msiseme alihama kusini. Jagadeka Veerudu Athiloka Sundari na Chiranjeevi ni 1990, Kitelugu. Kshana Kshanam ya Ram Gopal Varma ni 1991, Kitelugu, na ikampa tuzo ya Filmfare ya kusini mwaka uleule wa Lamhe, filamu yake ya Kihindi. Devaraagam ya Kimalayalam ni 1996. Puli ya Kitamil ni 2015. Alikuwa anakwenda na kurudi maisha yake yote.

Atakayefungua uzi mwakani aanze na 1969, aandike lugha ya kila filamu mbele ya mwaka wake, na kila marudio ataje asili yake. Si kazi kubwa.

#4

Mkuu nakuunga mkono, ila watu wameletewa hivyo tangu zamani. Wahindi wa pwani yetu wengi ni Wagujarati, Wakachi na Wapunjabi. Watamil na Watelugu walikuwa wachache sana, kwa hiyo majumba ya sinema ya Zanzibar, Mombasa na Dar yalileta Kihindi. Kanda za video zikafuata njia hiyohiyo, na vibanda vya kutafsiri vikarithi. Kijana wa kibandani hajadanganya mtu, amepewa kava limeandikwa hivyo.

Ubaya mkubwa zaidi ni filamu za kusini zilizoingiziwa Kihindi na kubadilishwa jina. Ile ya Chiranjeevi uliyoitaja wengi wanaijua kama Aadmi Aur Apsara. Kshana Kshanam inazunguka kwa jina la Hairaan. Mtu anaona Kihindi, anaiandika Bollywood, biashara imeisha.

Kuzitambua: usiruke mwanzo. Kabla ya filamu kuna cheti cha bodi ya India ya ukaguzi wa filamu, kinakaa sekunde chache. Simamisha picha. Kinaonyesha jina, LUGHA, urefu kwa mita na idadi ya mikanda, na kama imeingiziwa sauti mara nyingi kimeandikwa hapohapo. Kama cheti kimekatwa, tazama jina linapotokea. Kihindi cha enzi zile huandika jina mara tatu: Kilatini, Kihindi chenye mstari unaopita juu ya herufi, na Kiurdu. Kitelugu ni herufi za mviringo zenye alama kama ya vema juu. Kitamil hakina mstari wa juu, pembe nyingi kuliko Kitelugu. Kimalayalam ni vitanzi vitupu. Baada ya hapo tazama midomo pale sura inapokaribiwa.

#5

Nyongeza kwa Moondram Pirai na Sadma, maana faili zake huchanganywa majina kila siku. Msikilize mbwa anaitwaje. Subramani ni Kitamil, Hariprasad ni Kihindi. Na mwanamke: Viji ni Kitamil, Reshmi ni Kihindi. Mwigizaji Silk Smitha yumo katika zote mbili na muziki ni wa Ilaiyaraaja kotekote, kwa hiyo hivyo havikusaidii.

Maandishi ya chini yakianza sawa halafu yakazidi kupishana na mazungumzo, tatizo ni kasi. Faili lako ni la fremu 25 kwa sekunde na maandishi yalipimwa kwa 24, au kinyume chake. Tofauti ni kama dakika mbili na nusu kwa kila saa. Ukiyasogeza mbele au nyuma utapata nafuu ya dakika chache tu, kisha yanapotea tena. Badilisha kasi ya maandishi yenyewe kutoka 24 kwenda 25, ndipo usogeze mwanzo. Yakiwa sawa mpaka wimbo wa kwanza kisha yakaruka ghafla, nakala yako imekatwa wimbo. Hiyo achana nayo, tafuta nyingine.

#6

Asante #4 na #5. Cheti sikukitaja na nilipaswa kukitaja. Kuhusu vibanda nakubali, hasira zangu si kwa kijana wa kibandani. Ni kwa mwenye intaneti mkononi anayenakili aya ileile mwaka wa tano mfululizo. Naanza kuweka orodha hapa chini, lugha kwa lugha, kuanzia Thunaivan. Mwenye nakala ya Meendum Kokila ya 1981 yenye cheti mwanzoni aweke picha yake.